Mlango wa Chumba cha Sindano

Kinyozi alijenga nyumba yake kama mtu anavyokula muwa: pingili moja, kupumzika, pingili nyingine. Kwanza msingi, kisha kuta, kisha bati, na baada ya miaka ya kukanyaga vumbi, sakafu ya saruji. Miimo ya milango ya ndani aliisimamisha mapema, ya mbao ngumu, imenyooka kama askari wa zamu. Milango yenyewe ilibaki ahadi. Kila mwimo ulitundikiwa pazia, na mapazia yakazeeka pamoja na wenye nyumba. Mkewe alipolalamika, Kinyozi alikuwa na jibu lake tayari.

"Nyumba njema si mlango."

"Mbona humalizii? Fungua uingie ndani," mkewe alimjibu. "Sasa nifungue nini, mzee wangu? Upepo?"

Nyumba ya mapazia ina adabu zake. Pale hakuna aliyegonga, maana pazia haligongeki. Watu walikohoa. Kikohozi cha Kinyozi kilikuwa kifupi na kikavu. Cha mkewe kilianza mbali, tangu jikoni, kama mtu anayekuja na kesi. Watoto walikua wakikohoa, wakaondoka na vikohozi vyao. Kijana wao wa mwisho, aliyeajiriwa mji mwingine, alikohoa mara tatu mlangoni kwa mkuu wake wa kazi, akapewa ruhusa ya kwenda hospitali.

Binti yao mkubwa alikuwa ameolewa. Siku moja, katikati ya juma na jua likiwa utosini, alirudi na begi moja la buluu, akasema amekuja kuwasalimu. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alifua taulo za kinyozini, akafagia uwanja, akabandua masizi yaliyokuwa yameganda kwenye masufuria. Salamu zikaendelea wiki ya kwanza, zikaingia ya pili. Lakini begi hakulifungua kama watu wanavyofungua mabegi wakifika kwao. Alitoa nguo moja, akaivaa, akaifua, akaipiga pasi, akairudisha, akafunga zipu. Kila asubuhi Kinyozi aliisikia zipu ile kupitia pazia: inafunguka, inafungwa.

Hakumuuliza. Katika kazi yake alijifunza kwamba mtu akikukabidhi kichwa chake, maneno yatatoka yenyewe; ukiuliza, kichwa kinacheza na wembe unateleza. Hata hivyo maneno hayakutoka. Yaliyotoka aliyasikia kwa bahati, siku alipokuwa amekaa sebuleni akinoa mikasi huku mama na binti wakizungumza jikoni.

"Mama, mimi hapa siwezi kukaa. Nalala kama niko stendi. Kila anayepita napiga jicho."

"Anayepita ni nani, mwanangu, kama si mimi na baba yako?"

"Najua. Lakini nashtuka. Shangazi ameniambia kwake kuna chumba. Mwisho wa mwezi nitakwenda."

Shangazi huyo alikaa mbali, mahali pa kufika umechoka. Kinyozi aliendelea kunoa mkasi ambao tayari ulikuwa mkali. Hakutaka binti yake aende. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, alishika lile alilolielewa: mtoto hana mlango.

Mbele ya kibanda chake cha kunyolea, ng'ambo ya barabara, zahanati ya zamani ilikuwa ikibomolewa ili ijengwe mpya. Milango yake ya ndani ilikuwa imeegemezwa ukutani, imechubuka, mingine imepoteza bawaba. Msimamizi wa ubomoaji alikuwa mteja, na mtu hamnyimi kitu anayemshikia wembe shingoni. Kinyozi akapata milango mitatu. Akaibeba kwa mkokoteni hadi nyumbani, akailaza uani juu ya matofali.

Seremala, jirani yake wa miaka mingi, alikuja kuitazama akiwa na penseli sikioni.

"Hii milango au mitihani?"

"Gonga kwanza ndipo useme."

Seremala akagonga, akasikiliza kama daktari. "Mbao ni nzuri. Tatizo ni rangi, imemzidi kinyonga. Niletee karakana, nikufanyie."

"Nitafanya mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi."

"Na mimi sijinyoi. Nanyoa mlango."

Akanyoa kweli. Jioni baada ya kufunga kibanda alivaa shati lake bovu, akachukua kikwangulio, akaanza kutoka juu kwenda chini. Chini ya kijani palikuwa na krimu, chini ya krimu palikuwa na kahawia, na chini kabisa rangi ya kijivu iliyong'ang'ania kama deni la damu. Baada ya kikwangulio alipiga msasa mkali, kisha msasa laini. Mashimo ya skrubu aliyaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi.

Binti alitoka kuangalia, akasimama, mwishowe akaokota kipande cha msasa.

"Baba, unasugua kinyume cha nyuzi za mbao."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Si ulisema nywele hunyolewa kwa kufuata zinavyolala?"

Wakafanya kazi pamoja, mara nyingi kimya. Rangi aliichagua binti, nyeupe iliyofifia kama maziwa, kwa sababu nyumba ilikuwa na madirisha madogo na alitaka nuru. Mlango wa kwanza ukaenda chumba cha wazazi, wa pili stoo. Wa tatu, mpana na mzuri kuliko yote, ulikuwa wake.

Huo ndio ulioleta kazi. Upande mmoja ulikuwa na maandishi makubwa mekundu: CHUMBA CHA SINDANO. Binti alipoyaona alicheka, cheko lake la kwanza tangu arudi.

"Mlango huu naujua! Nilipokuwa mdogo si ulinishika mle ndani nikakuuma mkono?"

"Uliniuma hasa," Kinyozi alisema, akamwonyesha kidole gumba kana kwamba alama bado ipo. "Muuguzi akapiga komeo usikimbie, na wewe ukaenda kulifungua. Sindano ikachomwa umelishika."

Komeo lenyewe lilikuwa bado lipo, upande wa pili wa maandishi. Lilikuwa la shaba, zito, limezamishwa kwenye mbao kwa ustadi wa mafundi wa zamani.

Kinyozi alikwangua maandishi mpaka yakatoweka, akapaka mkono wa kwanza wa rangi. Asubuhi herufi zilikuwa zimerudi, za waridi, kama aibu inavyopanda usoni. Akapaka mkono wa pili.

"Sindano imerudi," mkewe alimtangazia kesho yake kabla hajanawa uso.

Mkono wa tatu ukaenda njia hiyohiyo. Seremala alieleza kwamba rangi nyekundu ya zamani ilikuwa imenywewa na mbao. Dawa yake ni kukwangua upya, kuziba kwa vanishi, kusubiri ikauke, ndipo kupaka tena. Kinyozi alihesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi, akaona vanishi haitakauka mapema kuliko binti yake kuondoka. Akaamua lake. Upande wenye maandishi ungetazama chumbani, ambako hakuna mgeni anayefika. Upande safi ungetazama sebuleni. Akamkataza binti asiuguse tena. "Utauona ukiwa umesimama," alimwambia. Siku ya kuutundika alilisugua komeo kwa majivu na ndimu tangu asubuhi, likang'aa kama jino la dhahabu.

Wakautundika Jumamosi mchana, yeye na Seremala, binti akiwa sokoni. Bawaba zilipokwisha kukazwa, Seremala alirudi nyuma, akautazama mlango kwa jicho moja.

"Komeo limekuja sebuleni."

"Limependeza."

"Sisemi halijapendeza. Lakini komeo la nje lina kazi gani kwenye chumba cha kulala?"

"Pambo," alisema Kinyozi.

Seremala akainua mabega. Nyumba si yake.

Binti aliingia na kikapu, akakitua. Aliugusa mlango kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa. Kisha kidole kikafika kwenye komeo. Akalisukuma, likaingia mwimoni, kacha. Akalivuta. Akalisukuma tena.

"Baba, linafungwa kwa huku?"

"Ndiyo. Nimelisugua tangu asubuhi."

"Limeng'aa," alisema. "Ahsante, baba."

Akaingia chumbani bila kuufunga mlango. Zipu ilisikika, ndefu kuliko siku zote. Mama yake alimfuata, akatoka upesi, akamshika Kinyozi mkono wa shati na kumvuta hadi jikoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimefanya mlango."

"Anafungasha. Kule alikotoka alikuwa anafungiwa, mzee. Mwenzake akitoka asubuhi anapiga komeo kwa nje, anatia kufuli, mpaka arudi jioni. Anamwachia maji kwenye ndoo."

Kinyozi alikuwa bado ameshika bisibisi. Aliitazama kama chombo ambacho hajawahi kukiona.

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Aliniapisha. Alijua ungekwenda huko, na wewe kazi yako ni wembe."

Kinyozi alirudi sebuleni, akamkuta Seremala anakusanya vifaa vyake.

"Shika upande ule. Tunaugeuza."

"Leo? Ukiugeuza, bawaba zinahamia mwimo wa pili, na huko sijachonga. Njoo karakana Jumatatu tu—"

"Hakuna Jumatatu."

Seremala akamtazama usoni, akaacha mzaha. Alikuna shingo kwa penseli. "Basi tuupindue, juu iende chini. Hapo bawaba zinabaki mwimo huuhuu, nachonga kidogo tu. Ila maandishi yatatazama sebuleni, miguu juu kichwa chini. Wageni wako watasoma kwa shingo."

"Pindua."

Binti alipotoka na begi begani, hakukuta mlango. Ulikuwa umelala sakafuni, na baba yake amepiga magoti juu yake akichonga makao mapya ya bawaba. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, angeweza kuuruka. Alikaa kwenye kiti, begi mapajani.

"Nilikosea upande," Kinyozi alisema bila kuinua kichwa.

Patasi iligonga mara kadhaa.

"Ishike chini zaidi, baba. Utajikata."

"Hivi?"

"Hivyo."

Ulipofika wakati wa kuunyanyua, mbao ile ngumu iliwashinda wanaume wawili wenye umri wao. Binti akaweka begi chini, akashika pembe. Wakausimamisha watatu, Seremala akakaza skrubu huku akisaga meno. Kisha binti akachukua begi lake, akaingia, akaufunga mlango. Komeo likalia, safari hii kwa ndani.

Sebuleni walibaki watatu na herufi za waridi zilizopinduka. Chai ikaletwa. Kinyozi alitega sikio, na ndipo alipogundua jambo ambalo hakulifikiria siku zote alizokuwa akikwangua: mbao ile haikupitisha chochote. Wala zipu, wala hatua, wala pumzi. Kwa wiki zote hizo alikuwa amemsoma binti yake kwa masikio, na sasa kitabu kimefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Huenda alikuwa anapanga nguo. Huenda alikuwa anangoja Seremala aondoke ili aage bila shahidi.

Akaenda mlangoni, akakohoa. Akakohoa kwa nguvu zaidi.

"Utatoa mapafu bure," mkewe alimwambia. "Hilo si pazia. Gonga."

Kinyozi hakuwa amewahi kugonga mlango ndani ya nyumba yake. Aligonga kwa vifundo viwili, taratibu, kama anayeogopa kuchubua rangi.

"Nani?"

"Kinyozi."

"Leo sinyolewi."

Seremala alitabasamu ndani ya kikombe chake. Kinyozi hakutabasamu.

"Chai inapoa."

"Nakuja, baba. Namalizia."

Hakusema anamalizia nini, na hakuulizwa. Kinyozi alirudi kukaa. Seremala alilaza kichwa begani, akayasoma maandishi yote hadi mwisho, akasema angeweza kuja na vanishi wiki ijayo.

Komeo likavutwa. Binti alitoka akiwa peku. Begi alilishika mkononi, limesinyaa, limekunjwa mara mbili, zipu ikining'inia.

"Mama, yale mapazia ya zamani mnayaweka wapi?"

"Bado sijayapangia pa kukaa. Yapo tu kwenye kamba."

"Yatieni humu," alisema, akampa begi, akavuta kiti karibu na meza na kujimiminia chai.

Mama alikwenda uani, akayaanua mapazia moja moja, akayakung'uta kabla ya kuyakunja. Akakohoa, safari hii kwa sababu ya vumbi.