Sinki la Kilosa Lilivyohamia Mikumi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bomba. Forman wa karakana ya majengo pale Kilosa, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alinipa fungu la katani akaniambia nilichambue. Nilichambua hadi mchana. Zamani hizo hatukuwa na hii tepu nyeupe mnayozungushia meno ya bomba. Tulizungushia katani, tukaipaka rangi ya mafuta, ndipo tukafunga. Ikishavimba kwa maji, haivuji. Ninyi vijana mnaoicheka katani, nendeni mkazitazame nyumba za zamani za Kilosa, kisha mje tuzungumze.

Forman alikuwa mkali, lakini alinifundisha kazi. Tulipokuwa tukifunga sinki la kauri nikanyakua spana, alinishika mkono.

"Wewe bwana, chuma kina huruma. Kauri haina. Hapo kaza kwa vidole."

Baadaye nilihamishiwa idara ya maji, chini ya Injinia wa Wilaya, aliyenituma kwa baiskeli kutandaza mabomba Ulaya, si ile ya Wazungu, bali kijiji cha hukuhuku wilayani. Mwisho nikaajiriwa na hoteli moja hapa Mikumi, ambako Meneja alitaka kila bafu ling'ae kabla wageni hawajarudi kutoka kutazama tembo. Kauli yake ilikuwa moja: "Fundi, mgeni asione nati." Nilistaafia hapo. Wote nawashukuru, ingawa Meneja alinizeesha.

Lakini kazi niipendayo kuliko zote niliifanya nikiwa nimekwisha kustaafu. Jirani yangu, Mama Neema, alikuwa amemleta baba yake kutoka Kilosa baada ya mafuriko kuiangusha nyumba yake. Mzee Yohana alikuwa mpishi maisha yake yote, na sasa haoni tena. Kila asubuhi alifunga kibegi chake, akakaa mlangoni kungoja mtu wa kumpeleka kwenye basi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa ni kwa watu. Nakaa nafanya nini?" Kule alikotaka kurudi hapakuwa na nyumba, palikuwa na tope na mto. Mama Neema alikuwa halali vizuri. Aliogopa kwamba ipo siku atatoka sokoni asimkute.

Ndipo akalikumbuka sinki la jikoni kwa baba yake. Lilikuwa la kauri, nene kama tofali, na umri wake ulimzidi hata mzee mwenyewe. Akawaomba ndugu zake walifukue kwenye tope, wakalileta kwa lori la mahindi.

Ndugu hao, Mungu awabariki, walikuwa wamekwisha kuuza shaba ya tundu la kutolea maji kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lile tundu la juu, linalozuia maji yasifurike, waliliziba kwa sementi wakidhani ni ubovu. Nilicheka sana, kisha nikaanza kuichokonoa sementi kwa msumari. Viungo vya plastiki vya dukani havikufaa, maana vimetengenezewa masinki membamba. Nilipotumbukiza kimoja, meno yake hayakutokeza upande wa chini, na nati ikakosa pa kushika. Nikapanda basi hadi Dumila, nikapekua lundo la chuma chakavu hadi nikapata kiungo kirefu cha shaba.

Nilikata washa, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, kwenye tyubu ya trekta, nikazungushia katani, nikafunga kwa vidole. Chini yake nikaunga trapu, lile bomba lililopinda linalobakiza maji ili harufu isipande. Nikatandaza majivu makavu sakafuni, nikajaza maji. Majivu yakapata doa la maji.

"Si ukaze kidogo tu, fundi," akasema Mama Neema.

Spana ilikuwa karibu, na mkono uliniwasha. Kutoka mlangoni, kibegi mapajani, Mzee Yohana akasema taratibu, "Likipasuka hilo, mwanangu, usinifiche."

Niliogopa, nasema kweli. Nikafungua vyote. Nilipopapasa ukingo wa tundu la chini nikakuta punje ya sementi imeganda, ndiyo iliyoizuia washa isilale. Nikaikwangua, nikafunga upya. Safari hii majivu yalibaki makavu.

Mama Neema akamshika baba yake mkono, akamleta. Mzee alipitisha vidole kwenye ukingo hadi vikasimama pembeni, penye pengo dogo.

"Hapa alipagonga mama yenu kwa mchi," akasema, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Kisha akakunja mikono ya shati, akaosha kikombe chake, akakipindua kikauke. Akanyoosha mkono mtupu.

"Vingine viko wapi?"

Mama Neema alilia huku akimletea masufuria. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumempa mzee kiti, chakula na heshima zote, na jembe tukamnyima.

Kesho yake asubuhi nilipita pale nikakuta mlangoni hapana mtu wala kibegi. Nikadhani amekwenda kulitafuta basi. Nikasimama, nikasikiliza, na jikoni vyombo vilikuwa vikigongana na mzee akimgombeza binti yake kwamba sufuria la ugali limelala bila kulowekwa maji. Nikamshukuru Mungu kwa mikono hii, nikaenda zangu kunywa chai.