Ripeka na Mawindo ya Harusi

Kwa miaka mingi Ripeka alikwenda mawindoni bila kuwinda. Kila Aprili, kulungu madume wanapoanza kunguruma wakigombea majike katika milima ya Urewera, kaka yake Tamahou na mumewe Eruera walipakia farasi mizigo, naye akafuatana nao mpaka kibanda cha juu kabisa, akabaki hapo na sufuria. Wao walirudi na nyama na visa. Yeye alirudi na macho mekundu kwa moshi. Hakulalamika. Mwaka mzima aliendesha basi la shule pale kijijini Ruatāhuna, na kimya cha kibandani kilimpumzisha masikio.

Ila utotoni, kaka zake walipokuwa shule ya bweni, ni yeye aliyezunguka milima ile na baba yao Ihaia. Mzee alimfundisha kulenga shabaha, kusoma upepo, na kuita dume kwa mdomo mtupu.

Mwaka huo binti wa Tamahou alikuwa anaolewa, na nyama ya harusi ilitakiwa itoke mlimani. Tamahou akaja jikoni kwa dada yake, akatandaza ramani mezani na kuigandamiza kwa vikombe.

"Tunapanda na mto," akasema. "Mimi mbele, shemeji nyuma, Ripeka kibandani."

"Asubuhi jua likichomoza, upepo unapanda na mto huo huo," Ripeka akajibu, huku anakanda unga wa mkate. "Kulungu watanusa soksi zako hata hujavuka."

Eruera alicheka mpaka chai ikampalia.

"Haya, tupite kwa nyuma, tuwatokee kwa juu," Tamahou akakubali, akichora njia mpya kwa kidole. "Soksi zimesikia."

"Halafu mwaka huu nabeba bunduki."

Tamahou akainua kichwa. "Na kupika?"

"Si una mikono miwili, kaka?"

"Dada yangu, kule mbele kazi ni kuita. Dume hababaiki na mtu aliyezoea kuwapigia watoto honi!"

"Basi tuite. Nje, sasa hivi."

Wakatoka hadi kwenye uzio wa farasi. Tamahou akashika bomba lake la plastiki la kuitia kulungu, akanguruma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Farasi waliendelea kula majani. Eruera naye akajaribu.

"Pole shemeji," Tamahou akamwambia. "Hicho ni kiungulia."

Ripeka akafuta unga mikononi, akaviringa viganja mdomoni. Sauti ikamtoka tumboni, nzito, ikapanda taratibu, ikakatika kwa mikoromo mifupi. Mbwa wa jirani akaingia uvunguni mwa gari. Kisha kutoka kwenye ukungu wa mlimani, dume halisi akajibu, kwa hasira.

Ripeka akaita tena. Dume akajibu tena, safari hii karibu zaidi.

Tamahou akavua kofia. "Mh! Huyo kakutukana."

"Kaniambia nije mlimani."

Kaka mtu akaangua kicheko, akamkumbatia na unga wake wote. "Basi mimi nimehamia jikoni. Ila nifundishe, viazi vinatangulia au nyama?"

Jioni ile mipango ilikwenda kwa raha. Walibishana farasi yupi asiyeogopa maji, wakakagua matandiko, wakafunga kamba, chumvi na unga, na Tamahou akauliza habari ya viazi mara tatu.

Siku waliyowinda, majani yote yalikuwa na barafu. Ripeka alilala kifudifudi juu ya mgongo wa mlima, Eruera kando yake, akaita kwa viganja. Dume akatoka kwenye mashina, shingo nyeusi kwa tope, akitafuta adui. Ripeka akafyatua; risasi moja ikatosha. Ripeka akaweka kiganja kwenye shingo iliyokuwa bado na joto, akasema maneno ya shukrani aliyoyasikia kwa baba yake, na akajikuta analia na kucheka kwa pamoja.

Kibandani viazi vilikuwa vimeungua. Wakavila hivyo hivyo, na Tamahou akadai ndivyo vinavyopikwa mahotelini.

Siku ya harusi nyama ilifukiwa kwenye mawe ya moto pamoja na viazi vitamu, ikafukuliwa laini, wageni wakasahau hotuba. Wake wa binamu zake wawili wakamvuta Ripeka pembeni, wakauliza kwa kunong'ona kama na wao wanaweza kujifunza kuwinda.

"Njooni Jumamosi," akawaambia, mdomo umejaa. "Ila viatu mje navyo wenyewe."