Omena Tatu za Obadiah Ogeto

Obadiah Ogeto amelisha nusu ya madereva wa malori wanaopita Keroka, na ile nusu nyingine hajailisha kwa vile tu walikosa mahali pa kuegesha. Hoteli yake iko karibu na stendi, mbele ya nyumba yake, ina mlango wa bluu, na ndani mna karai moja ambalo watu huliheshimu kuliko chifu. Mafuta ya karai hilo hayamwagwi. Yakipungua huongezwa, yakitoa povu husubiriwa yatulie. Nyama, chipsi, mandazi na samosa, vyote vimepita humo, hata ukiuma mandazi ya Obadiah asubuhi unajua watu walikula nini jana. Yeye husema mafuta yake yamekomaa, kama mtu anayesifu mkungu wa ndizi.

Ni mzee wa kanisa. Jumamosi mlango wa bluu hufungwa hata umlilie. Nguruwe hajawahi kuvuka kizingiti chake, wala kambare, maana hana magamba. Vyakula vilivyokatazwa anavijua vyote. Ila pale Maandiko yanapogusia mafuta, macho yake hupita mbio kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani.

Na omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa hawali. Si kwa sababu ya dini, kwani omena ana magamba yake madogo madogo. Kosa lake ni huo udogo. Siku walipokwenda Kenyenya kumposea mwanawe Ombui, wenyeji waliandaa meza nzuri, na katikati ya meza palikuwa na bakuli la omena. Obadiah aliliangalia, akasema kwa sauti ya mwenye karai, "Kwetu hizi huliwa na kuku." Watu wakacheka kwa adabu. Edinah, yule binti aliyekuwa akiposwa, alikuwa ameshika birika la maji ya kunawa. Yeye hakucheka. Aliolewa hivyo hivyo, na alipozoea Keroka akaweka meza sokoni. Anauza nini? Omena.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Nyakundi, ndugu yake Obadiah wa Magwagwa. Mwaka jana alianguka katikati ya majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni, na hakuinuka. Moyo, wakasema. Nyakundi alikuwa akija Keroka kila siku ya soko kula kwenye karai la ndugu yake, na yeye hakutozwa. Obadiah alizika, akarudi nyumbani, na tangu hapo akawa analala mkono kifuani, akisikiliza kama moyo bado uko kazini.

Hofu ndiyo iliyompeleka kliniki. Huko alimsimulia ya Nyakundi daktari msichana, Valentine, naye akamtoa damu kisha akamweleza taratibu.

"Baba, damu yako imejaa mafuta. Tukiacha hivi, mishipa itaziba. Punguza vitu vya kukaanga. Kula mboga za majani, chinsaga, managu, na utembee. Halafu upate omega tatu, kila siku ikiwezekana."

Obadiah aliondoka na maneno mawili tu kichwani, omega tatu, nayo akayafikiria njia nzima. Omega anamjua. Ni yule wa kanisani, anayetajwa pamoja na Alfa, na ni mmoja, hajawahi kuwa watatu. Daktari hawezi kumwambia mtu apate Omega watatu, huo ungekuwa uzushi, na msichana alionekana amelelewa vizuri. Kwa hiyo alisema omena. Omena tatu, kila siku. Obadiah alisikia aibu, lakini pia alisikia nafuu, maana tatu si nyingi.

Kununua kwa Edinah hakungewezekana. Alipanda gari akaenda Magwagwa, eti kumjulia hali mjane wa Nyakundi, akapitia sokoni.

"Mama, nipimie omena."

"Ngapi, mzee?"

"Tatu."

Yule mama akashika gorogoro, lile kopo lake la kupimia. "Gorogoro tatu?"

"Omena tatu. Zenyewe."

Mama akalirudisha kopo chini polepole. "Ni za kula ama ni za kufundishia?"

"Ni dawa."

"Basi chukua gorogoro moja, dawa utaihesabu kwako. Mimi nikianza kuuza moja moja hapa, wenzangu watasema nimerogwa."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, mkewe Nyamoita akiwa anakamua ng'ombe, Obadiah alichagua omena tatu nono, akazitumbukiza kwenye karai mpaka zikawa kama njiti, akazilaza juu ya chapati, akaomba, akameza. Baada ya hapo alijiona amekingwa. Sahani ya nyama iliyokuwa moja ikawa moja na nusu.

Makori, fundi viatu wa barazani, alimchungulia siku moja. "Obadiah, si ulisema umekatazwa mafuta?"

"Nimeshakunywa dawa."

"Sasa hiyo sahani ya pili ni ya nini?"

"Dawa haifai kukaa bure tumboni. Ipewe kazi."

Kulikuwa na shida moja tu, harufu ya zile zilizobaki. Omena hajui kujificha. Kila kulipopambazuka Obadiah alikuwa akitupa konzi mbili kwa kuku wa Nyamoita, na likiisha gorogoro, mjane wa Nyakundi anajuliwa hali tena. Mjane mwenyewe alianza kushangaa anavyopendwa.

"Baba Ombui," Nyamoita akamwambia, "hawa kuku umewapa nini?"

"Kwani wamefanya nini?"

"Manyoya yanang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu. Wanataga mpaka wanasahau walipotagia. Jogoo anaruka ua. Wewe ndiye unapumua kama pikipiki imebebeshwa saruji."

Aliporudi kliniki alikuwa amevaa suti ya kanisani, kwa maana alitarajia pongezi. Valentine aliangalia majibu ya damu, akamwangalia yeye, akayaangalia tena.

"Baba, yamepanda. Mara ya kwanza niliogopa kidogo. Leo naogopa sana. Umekuwa ukila nini?"

"Ulichosema. Omena tatu."

"Omena tatu?"

"Kila siku. Sijakosa, hata Sabato."

Msichana aliuma midomo. "Nilisema omega. Omega tatu."

"Omega si ni mmoja?"

"Huyo ni mwingine, baba. Hii ni aina ya mafuta mazuri, na tatu ni jina lake, si hesabu. Mwili haujui kuyatengeneza, lazima uyale. Na kweli yamo kwenye omena, hujakosea mlango. Lakini ni sahani, si tatu. Ulizipika vipi?"

"Nilizikaanga."

"Kwa mafuta gani?"

"Ya hoteli."

"Yana muda gani?"

Obadiah alifikiria kwa uaminifu. "Ombui alikuwa bado anavaa kaptula."

Valentine akaandika hilo kwenye faili. "Na omena zingine zilienda wapi?"

"Kwa kuku."

"Basi kuku wako wazima. Wewe, usipobadilika, utamfuata ndugu yako."

Hilo halikuhitaji kurudiwa. Obadiah alishuka moja kwa moja hadi soko la Keroka, mchana, na suti yake. Wauza omena walipomwona anakuja waliacha kupima mmoja mmoja, kwa vile hadithi ya Kenyenya wote walikuwa nayo. Edinah alisimama, akainamisha macho. Kuna chinsoni, ile haya ya Abagusii baina ya mzee na mke wa mwanawe. Hamtaniani, na hata awe amechekesha vipi, binti hawezi kumcheka.

"Nipimie gorogoro, mama," Obadiah akasema.

"Ndiyo, Tata," akajibu, kama binti anavyomwita baba. Akachota, akajaza mpaka kilele. Kisha akauliza kwa heshima yote, macho yakiwa bado chini, "Nizitenge na vumbi, ama ni za kuku?"

Soko zima lilikuwa likisubiri. Obadiah akalegeza tai.

"Ni zangu," akasema.

"Za Tata?"

"Za kula. Mimi."

Edinah akapepeta vumbi, akaongeza konzi ya nyongeza, kisha nyingine. "Mwambie Mama azioshe kwa maji moto, azichemshe na nyanya na kitunguu. Zisione karai."

Jioni hiyo karai lilibebwa na watu wawili mpaka nyuma ya hoteli, likamwagwa shimoni. Makori alivua kofia. Kuku walikimbilia, wakanusa, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata kuku walijipanga mlangoni kama kawaida yao, jogoo mbele. Obadiah aliweka sahani yake mezani, omena zimejaa na chinsaga kando, akageuza kiti akawapa mgongo, akala.