Tuliomba grant ya kufunza wanafunzi, na mwanafunzi mwenyewe nikamwacha kwa corridor

Wakuu, sasa.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kupita, hii ndio uzi yangu ya kwanza. Sitaongeza chumvi. Mkiona nimetoka vibaya kwa hii story, ni kwa sababu nilikosea kweli.

Mimi ni lecturer kwa chuo fulani upande huu wa Nakuru, sitaitaja. Department yetu ni ya mifugo na malisho.

Kulikuwa na call ya grant, yaani tangazo la ufadhili. Si ile ya kununua mashine za lab. Hii ilikuwa ya kufunza watu: vyuo mbili zinaungana, zinachukua mwanafunzi mmoja wa PhD, anapata supervisor huku na mwingine huko, anafanya research pande zote mbili. Kila kitu kinalipwa.

Idea haikuwa yangu. Ilikuwa ya Nekesa.

Nekesa alifanya masters chini yangu, akabaki kwa lab yetu kama technician wa contract. Ni wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, babu yake ndiye alitoka western akaja hapa na kazi ya reli. Masters yake alifanyia Subukia, kwa wafugaji wa maziwa, akifuatilia ukungu kwa mahindi ya kulisha ng'ombe. Mvua ikinyesha yuko huko, jua likiwaka yuko huko. Wamama wa Subukia wanamjua kwa jina. Mimi walikuwa wananiita mwalimu wa Nekesa.

Yeye ndiye aliona hiyo call. Yeye ndiye alimtafuta Dr. Achieng, lecturer wa chuo kingine pande za Kisumu, wakapatana. Akaandika concept, yaani muhtasari wa mradi, ya page nne, akaniletea kwa ofisi.

"Daktari, angalia kama iko sawa. Hii ikipita, mimi ndio mwanafunzi."

Nilisoma mara mbili. Ilikuwa safi kuliko vitu nimewahi kuandika. Nasema hivyo bila wivu. Sawa, wivu kidogo ulikuwepo.

Sasa kwetu hakuna document inatoka bila kupitia kwa chairman wa department. Tunamwita Mzee. Si mtu mbaya, tafadhali msimshambulie. Amelea wengi, hata mimi. Lakini Mzee ana utaratibu wake. Majina yanapangwa kwa cheo: professor juu, daktari chini yake, na ambaye si daktari haandikwi. Alichukua biro, akakata jina la Nekesa, akaandika kwamba mwanafunzi atatafutwa baadaye.

Nikamwambia, "Prof, lakini hii ni kazi yake."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, hata wewe ulingoja."

Ni ukweli nilingoja, miaka nikibebea watu mafaili. Nikaona ndio kawaida.

Nekesa nilimwambia hiyo ni formality tu, nafasi bado ni yake. Akasema sawa Daktari, akarudi kwa kazi.

Wale hamjafanya kazi chuoni pengine mtashangaa, wacha niwaeleze. Kwetu mwanafunzi ndiye anapanga viti za mkutano. Anawasha projector, anahakikisha maji ziko kwa meza, halafu anatoka. Hakuna mtu humwambia atoke. Anajua tu.

Basi, tukaingia shortlist. Interview ya video, asubuhi, kwa boardroom yetu. Nekesa alikuja mapema kuliko sisi wote. Akaunganisha laptop, akatest sauti, akaniwekea graph zake mbele yangu kwa mpangilio. Ilipofika saa ya kuanza akatoka, akafunga mlango polepole.

Panel ya wenye grant ilikuwa ya watu watatu. Mzee aliongea vizuri sana kuhusu chuo chetu, labda vizuri kupita kiasi. Halafu mama mmoja wa panel akauliza, "Hii kazi ya Subukia, nani aliifanya? Tungependa kumsikia. Hii grant ni ya mwanafunzi."

Mzee akajibu, "Mwanafunzi tutamtafuta tukishapata grant."

Dr. Achieng huko kwa screen alishtuka. "Nilidhani Nekesa ako na nyinyi hapo."

"Leo hayuko," Mzee akasema.

Huyo mama akanigeukia mimi, kwa sababu kwa form niliandikwa supervisor. "Daktari, hakuna vile tunaweza kumpata, hata dakika tano?"

Wakuu, mlango ulikuwa hatua kama sita kutoka kwa kiti yangu. Nilichohitaji ni kusimama tu. Lakini Mzee alikuwa ameshasema hayuko, na kumkosoa mbele ya wageni, kwetu hiyo haifanyiki.

Nikasema, "Tutawatumia majibu yake kwa email."

Wiki kadhaa baadaye barua ikaja. Science ilikuwa nzuri, walisema, lakini hawakuona mahali pa mwanafunzi kwa mpango wa kufunza wanafunzi. Mzee akasema hao watu huwa na watu wao. Nilijua si hivyo. Nekesa naye nilimdanganya, nikamwambia competition ilikuwa kali.

Contract yake ilipoisha hakuomba irudishwe. Akaenda Subukia, akaajiriwa kwa agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda kumwona. Nilimkuta nyuma ya counter. Nikamwambia yote, vile waliuliza na vile nilijibu. Nilikuwa nimejipanga kulaumiwa. Hata nilitaka anitukane.

Akasema, "Najua, Daktari. Sauti ya hiyo laptop mimi ndio niliweka juu. Nilikuwa hapo kwa corridor, nikasikia yule mama wa panel akiniulizia. Nikashika handle ya mlango, nikangoja uniite."

Hakusema kwa hasira. Mfugaji mmoja akaingia akitaka dawa ya minyoo, Nekesa akamuuliza uzito wa ndama wake, akampimia dawa. Mimi nikanunua chumvi ya ng'ombe nikatoka. Sina ng'ombe.

Funzo langu ni hili. Nilikuwa naita uoga wangu heshima. Kama kazi ni ya mtu, jina lake liandikwe, na yeye mwenyewe aketi ndani, hata kama mkubwa atanuna. Atanuna wiki mbili, ataacha.

Sababu naandika leo ni kwamba Mzee amestaafu, mimi ndio chairman. Ile call imetoka tena na Dr. Achieng amekubali turudi. Jana nilimpigia Nekesa kumwambia. Akaniuliza kama nimesoma masharti.

Nikafungua nikasoma. Wanataka mtu aliyemaliza masters ndani ya miaka tatu iliyopita. Yake imepita kwa miezi mbili.

Wale mmewahi kufanyiwa hivi na supervisor, semeni hapa chini, msinihurumie. Form bado iko wazi kwa laptop yangu, na sijui nitaandika nani.