Walimwekea Mama Kipaza Sauti

Asubuhi ile matokeo yalipotangazwa, nilimkuta mama niliyekuwa nikimtunza amelowa mkojo hadi mgongoni, na mwanawe mkubwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, macho kwenye televisheni.

Mama huyo alikuwa Mskoti. Alikuja Amerika na mumewe wakiwa na wavulana wawili wadogo. Mume akafa, yeye akazeekea katika nyumba waliyoishi naye, kitongoji cha Golden Valley, na miguu ilipomwisha nguvu wanawe wakatafuta kampuni ya watunzaji, kampuni ikanituma mimi. Nilikuwa nikitoka kwangu, kitongoji jirani cha New Hope, alfajiri, nafika, namwogesha, nampa chai na dawa, nashinda naye hadi jioni mmoja wa wanawe anapokuja kulala. Alikuwa mtu wa maneno machache, na msafi kupita kiasi. Hata kitambaa cha kujipangusia mdomo alitaka kipigwe pasi.

Wiki hiyo Skotlandi ilikuwa imepiga kura kuamua kama itajitenga na Uingereza iwe taifa huru, na waliotaka uhuru wakashindwa. Mwana mkubwa, mwenye karakana ya injini za boti katika mji wa Savage, alikuwa ameutaka uhuru huo kwa moyo wote. Mdogo wake, mwalimu wa chuo katika mji wa Saint Paul, alitaka mambo yabaki yalivyo. Wote wawili walikuwa wanakaribia miaka sitini, wote waliondoka kwao kabla ya kuanza shule, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura hiyo, maana ilikuwa ya wanaoishi kule.

"Tumeshindwa," mkubwa akaniambia, bila salamu.

"Mama amekaa hivi tangu saa ngapi?"

"Hivi vipi?"

Hakuwa amesikia harufu. Mimi niliisikia nikiwa mlangoni. Nilimpeleka mama bafuni, nikamvua, nikamwosha. Ngozi ya mapaja ilikuwa imeshaanza kuiva, naye amefumba macho kwa aibu. Kupitia ukutani tulimsikia mwanawe akimwambia mtu kwenye simu kwamba watu wake wamekosa kujiheshimu. Nilisugua karai kwa nguvu kuliko lilivyohitaji kusuguliwa.

Jumamosi iliyofuata chama cha Waskoti wa hapa kilikuwa na chakula cha mchana katika ukumbi wa kanisa moja Saint Paul. Kilikuwa kimepangwa tangu majira ya joto, na mama alikuwa apongezwe kwa kuwa ndiye mwanachama mwenye umri mkubwa kuliko wote. Viongozi wakaona waitumie siku hiyohiyo kupatanisha watu, kwa sababu wiki nzima wanachama walikuwa wakitukanana mtandaoni. Mama alifurahi kama msichana. Aliniomba nimkunje nywele, akavaa sweta yake ya bluu, na njiani akaniuliza mara tatu kama viatu vyake vinang'aa.

"Vinang'aa, mama."

"Wasije wakasema wanangu hawanitunzi."

Mchungaji aliomba amani, tukala nyama na viazi. Kisha mwana mdogo akasimama, akachukua kipaza sauti ili amshukuru kila mtu kwa niaba ya familia. Angeishia hapo. Lakini akaongeza, akitabasamu, "Na niwashukuru pia wenzetu kule nyumbani ambao wiki hii walitumia akili."

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Mkubwa akasimama upande wa pili wa meza.

"Walitumia woga! Sema neno lenyewe. Woga."

"Mwoga ni mtu anayepigania nchi asimoweza kuishi hata mwezi mmoja."

"Na wewe unaishi wapi? Msaliti mkubwa!"

Baada ya hapo sikuweza tena kujua nani anamjibu nani. Wazee waliopangusa midomo yao kwa adabu dakika moja kabla walikuwa wanarushiana vidole machoni. Mwanamke aliyetushikilia mlango tulipoingia, akamsifia mama nywele zake, sasa alikuwa ameinamia keki iliyoandaliwa kwa ajili ya mama, anapiga kelele "Wasaliti! Wasaliti!", na makombo na mate yanamtoka yakianguka juu ya keki yenyewe. Niliyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyeisogeza keki ile, na baadaye niliwaona wakiikata na kuila.

Hapo ndipo mkubwa alipomnyang'anya mdogo wake kipaza sauti, akaja akakiweka mbele ya mdomo wa mama.

"Waambie, mama. Wewe ndiwe mkubwa wetu hapa. Ungepiga kura gani?"

Mdogo naye akainama upande wa pili. "Ndiyo, mama, waambie. Mwambie huyu baba angesema nini."

Watu wote wakamgeukia mama. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Nilikuwa nimeshika kiti chake cha magurudumu kwa nyuma na sikusema kitu, na hilo nalo nimelibeba hadi leo.

Mama akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Nataka kwenda chooni," akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima.

Wakacheka. Watu wa pande zote mbili, waliokuwa karibu kupigana, wakapatana sekunde hiyo kwa kumcheka mwanamke mzee. Mwana mdogo akasema, "Msameheni, siku hizi hajui anachosema." Mkubwa akatikisa kichwa kukubaliana naye. Lilikuwa jambo la kwanza nililosikia wakikubaliana.

Nilimtoa pale haraka. Chooni nikafunga mlango, nikaanza kumfungua sketi, akanishika mkono.

"Sina haja," akasema. "Nirudishe nyumbani, binti. Usiwaage."

Nikampitisha mlango wa nyuma, nikamwingiza garini, tukaondoka. Hakulia. Alipofika aliniomba nimvue sweta, akasema ina mate ya watu, akaniambia niitupe. Niliifua nikaiweka kabatini, lakini hakuivaa tena.

Jumatatu bosi wangu akaniita ofisini. Mwana mkubwa alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba nimemwondoa mama yao kwenye sherehe yake bila ruhusa na kuwaaibisha mbele ya watu. Bosi ni mama wa kwetu, Mkenya. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akakubali kwamba ni wajinga, kisha akasema, "Andika barua ya kuomba msamaha, dada. Hao ndio wateja."

Niliiandika. Nikaandika kwamba nasikitika kwa usumbufu. Nikiwa natia sahihi nilihisi ladha mbaya mdomoni, kama mtu aliyekula kitu kilichochacha.

Nisijifanye malaika. Sisi Wakenya wa hapa tuna chaguzi zetu, na nazo hatuzipigii kura, ila matusi tunatoa kwa wingi. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya siku ile ya ukumbini, baada ya uchaguzi wa nyumbani, nilimwona dada wa kanisani kwetu amesimama kando ya gari lililozimika, theluji inaanguka, si mbali na kwangu. Tulikuwa tumeimba kwaya pamoja. Lakini wiki hiyo alikuwa ameandika maneno kuhusu kabila langu kwenye kikundi chetu cha simu. Nilipunguza mwendo kiasi cha kuhakikisha ni yeye, kisha nikaenda zangu. Nilijisikia mshindi hadi nilipofika nyumbani. Mchana ule wa Saint Paul, katikati ya wazee wanaofoka, nilimkumbuka dada huyo na nikaona haya.

Mama aliamua mambo yake mwenyewe. Aliwaambia wanawe waje kwa zamu na wasikutane nyumbani kwake hata mara moja; atakayemkuta mwenzake asiingie. Wakatii. Kila mmoja alipokuja alimsema mwenzake tangu anapovua koti hadi anapolivaa. Mama alijifanya amelala. Nilizoea kumwona akifungua jicho moja gari linapoondoka, na akiniuliza, "Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Leta chai, basi."

Alifariki mwezi wa tatu, kwa homa ya mapafu, mimi nikiwa kando ya kitanda chake.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Wanawe walikuwa tayari wamesimama mbele ya jeneza, kila mmoja na bendera mkononi, mmoja ya Skotlandi, mwingine ya Uingereza. Mkubwa alitandika yake juu ya jeneza, mdogo akaivuta. Mdogo akatandika yake, mkubwa akaisukuma hadi sakafuni. Mfanyakazi wa nyumba ya mazishi, kijana mpole aliyevaa tai, akawaomba watoke nje wamalizie huko.

Wakatoka. Dirishani niliwaona katikati ya magari, kwenye theluji chafu inayoyeyuka, wanaume wawili wenye mvi wakidungana vidole kifuani, midomo inakwenda, sauti haisikiki.

Sikutaka kuwatazama zaidi. Niliiokota bendera iliyoanguka, nikaikunja pamoja na ile nyingine waliyoiacha, nikaziweka zote chini ya kiti. Kisha nikavuta kiti karibu na jeneza, nikaketi na mama, sisi wawili tu, mpaka watu wengine walipoanza kuingia.