Chungu Kisicho na Chumvi

Uvimbe wa mama ulianza mdogo kama punje ya hindi, kwenye titi la kushoto, mwaka ambao wanaume wa kwetu walikuwa wakichukuliwa kwenda kujenga reli ya Wajerumani. Tulikaa mlimani, juu ya kijiji cha Mlali. Mama alikuwa mpishi jikoni kwa mapadri wa misheni. Alipomwonyesha sista, sista aliliosha titi, akalifunga kitambaa safi, akasema hana dawa yake.

Ndipo mjomba akaja. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada zake na watoto wao, hata baba alimsikiliza. Mjomba hakuuliza habari za titi. Aliuliza habari za chakula.

"Huko jikoni kwa Wazungu unakula nini?"

"Kinachobaki, kaka."

"Mayai?"

"Na mayai."

"Na mafuta ya nguruwe?"

"Hata wewe ulikula siku ya Noeli ukalamba vidole."

"Mimi nina matiti?"

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi uani waliangua kicheko, na mama naye akacheka. Lakini neno lilikuwa limekwisha kukaa. Wanawake wa kwetu hawakula mayai, na mjomba alisema mafuta ya kigeni yameganda ndani ya titi, hayana pa kutokea. Akamleta mganga, na mganga akaweka miko: ugali wa mtama na majani ya kunde, bila nyama, bila mafuta, bila chumvi. Chakula kipikwe kwenye mafiga ya peke yake, na msichana mmoja ambaye hajaolewa. Msichana huyo nilikuwa mimi.

"Ukivunja miko," mganga aliniambia, "ugonjwa utamwacha yeye ukufuate wewe."

Mwanzoni mama alikula bila kulalamika. Kisha titi likapasuka, mwili ukamwisha, na ule ugali mkavu ukawa unamkwama kooni. Siku moja, watu wote wakiwa shambani, alinishika mkono.

"Mwanangu, nipe chumvi. Kidogo tu, niwekee kiganjani nilambe."

"Mama, miko."

"Anayekufa ni mimi au ni miko?"

"Mjomba atasema."

"Mjomba wako yuko huko bondeni anapalilia. Atanionja ulimi?"

Kibuyu cha chumvi kilining'inia juu ya meko, nilikuwa nakifikia bila kunyoosha mkono sana. Sikukigusa. Aliomba siku tatu, ya nne hakuomba.

Miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilimnyima kwa kumpenda, ili apone. Si kweli. Nilikwisha kujua haponi. Nilimnyima kwa sababu kila nilipokwenda kuoga mtoni nilikuwa najipapasa kifua, nikitafuta punje ya hindi.

Alikufa asubuhi, bakuli la kunde likiwa kando yake, halijaguswa. Kwenye matanga tulipika maharage yenye chumvi nyingi. Nilikula mara mbili.

Kabla Wajerumani hawajaondoka, dada yangu mkubwa alishikwa na ugonjwa uleule, titi lilelile. Yeye aliolewa mapema, akakaa bondeni kwa mumewe. Jiko la misheni hakuwahi kuliingia, na yai hakuwahi kulionja. Mjomba alikuja, akaketi, akakosa cha kuuliza. Safari hii hakuna aliyetaja miko.

Neno saratani nimelisikia uzeeni. Wanaolijua wanasema chakula kina sehemu yake, ila si chakula peke yake. Huenda. Mimi sibishani nao. Wakati ule nilichojua ni kwamba mmoja alikula mayai na mwingine hakula, na wote wawili walikuwa wananuka vilevile.

Nilikwenda kumuuguza dada, mahindi yakiwa bado machanga. Nilimpa kila alichotaka, na alichotaka ni mayai, kwa kuwa alikuwa amesikia mama aliyapenda. Nilimchemshia, nikamnyunyizia chumvi. Alikula nusu, akanitazama.

"Na mama ulimpa hivi?"

"Hapana, dada."

"Hata chumvi?"

"Aliomba. Nilimnyima."

Hakunigombeza. Alirudisha nusu ya yai bakulini, akageukia ukutani. Kuanzia siku hiyo alipokea maji tu mkononi mwangu, na mahindi yalikuwa hayajakomaa tulipomzika.