Gemu ya Watu Wazima Niliyocheza na Mama

Kazi yangu ni kuendesha watalii na kuwaongoza mbugani. Msimu wa wageni ulikuwa ndio kwanza unaanza nilipoteleza gereji, nikatumbukia kwenye shimo la kukagulia magari na kuvunjika mguu. Hospitalini walinifunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, wakaniambia nikakae nyumbani mpaka mfupa uunge.

Nyumbani ni Themi, hapa Arusha mjini. Mke wangu ni muuguzi, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Watoto wako shule ya bweni. Mama yangu aliposikia nimelala peke yangu kutwa nzima, aliacha migomba na ng'ombe wake kijijini Kikwe mikononi mwa jirani, akaja na mkungu wa ndizi na nguo chache. Alinipikia mtori wa ndizi na nyama, akaniwekea maji karibu, akakaa. Mama si mtu wa maneno mengi. Tulisikiliza redio mpaka tukaichoka.

Dereva mwenzangu alikuja kunijulia hali, akaniazima mashine yake ya gemu. Ilikuwa na gemu mbili, ya mpira na ya vita. Siku za kwanza nilifurahi sana. Halafu hamu ikaisha. Kwenye mpira nilikuwa nafungwa tu, na kwenye vita niliua watu nisiowajua kwa sababu ambazo sikuambiwa.

Mama alipita na beseni la nguo, akasimama kidogo mbele ya televisheni.

"Hao unaowaua wamekukosea nini?"

"Sijui, mama."

"Basi zima."

Nikazima. Lakini nilikuwa nimewahi kumsikia mgeni mmoja, tukiwa tumekaa kando ya moto kambini, akisimulia gemu iliyomliza. Alisema ilikuwa na hadithi nzito kuliko vitabu vingi alivyosoma. Nikapata namba ya duka la gemu mjini, nikapiga. Akapokea mwanamke.

"Dada, natafuta gemu za watu wazima," nikamwambia.

 Kisha akasema kwa sauti ya ukali, "Kaka, hapa hatuuzi mambo hayo. Hapa wanakuja watoto."

Nilicheka mpaka mguu ukauma. "Siyo hizo, dada! Nataka zenye hadithi. Watu wanaofiwa, wanaoachana, wanaozeeka. Mambo ya mtu mwenye umri wangu."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," naye akacheka. "Hizo ninazo, ila haziulizwi. Vijana wanataka mpira. Ninayo moja nimeicheza mwenyewe. Ni ya polepole. Ukiona imekuchosha, rudisha."

Jioni yake mke wangu akapita kuichukua alipotoka kazini.

Kesho yake baada ya chai nikaiwasha. Ilikuwa hadithi ya mwanamke wa makamo anayerudi kwao kijijini, kwenye nchi ya baridi, siku kadhaa baada ya baba yake kuzikwa. Unamwongoza wewe. Anafungua nyumba ya marehemu, anashika vitu kimoja kimoja, na kila kitu kinamrudisha kwenye jambo fulani la zamani. Akikutana na watu, wewe ndiye unayechagua amjibu nani na kwa maneno gani.

Mama alikuwa kwenye kochi akichambua maharage.

"Huyo mama analia nini?"

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, na mama hakisomi. Nikaanza kumtafsiria. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana lugha. Pale Kiswahili kilipopungua niliingiza Kimeru, lugha ya kwetu. Nilipofika kwenye habari ya mazishi, mama aliacha maharage.

"Hakuja kumzika baba yake?"

"Hakuja."

"Na sasa anataka kupokelewa?"

Alimchukia yule mwanamke siku ile ile. Lakini kesho yake, nilipomaliza kunywa dawa, ni yeye aliyesema, "Haya, washa tumwone mwenzetu."

Ikawa ndiyo ratiba yetu ya mchana. Mimi nilishika pedi ya kuchezea, mama alitoa amri. Kaka wa yule mwanamke alikuwa anaishi ng'ambo ya barabara, na kila tulipopita mlangoni kwake gemu ilituuliza, abishe hodi au apite?

"Apite," mama alisema.

"Mama, tutakwama hapa."

"Akifunguliwa atasema nini? Hajui. Mwache kwanza amalize nyumba ya baba yake."

Mimi ningebisha hodi tangu siku ya kwanza, ili niende mbele. Tulifuata kauli ya mama, na gemu haikutulazimisha. Tulikunja makoti ya marehemu, tukasoma barua, tukamwagilia maua yake yaliyokuwa yanakauka. Hapo ndipo ukweli ukatoka. Kaka mtu aliwahi kumwambia dada yake asikanyage tena pale. Dada huyo alipopata habari za msiba alifunga mizigo, akapanda basi, akashuka stendi ya kijijini. Akakaa kwenye benchi mpaka kengele za mazishi zikanyamaza. Kisha akapanda basi la kurudi.

Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kumbe alifika stendi," akasema.

Nikaweka pedi chini. Mama akageukia dirishani.

"Mama yako mdogo hakuja kumzika baba yako."

Nililijua hilo. Ukoo mzima tulilijua, na hakuna aliyelitaja mbele ya mama. Mdogo wake aliolewa Olmotonyi na Mwarusha mfugaji, Mkatoliki, tofauti na sisi kwa kabila na dhehebu, lakini miaka yote walitembeleana bila shida mpaka msiba ule. Baada ya hapo hawakuongea tena.

"Sijawahi kumuuliza kwa nini," mama akasema. "Nilikaa tu nikisubiri aje aniombe radhi."

 Nilimpa simu yangu. Akaitazama, akanirudishia. "Siyo kwa simu."

Hogo lilipofunguliwa, Jumamosi moja mke wangu akatuendesha mimi na mama hadi Olmotonyi. Mama alikaa nyuma na mfuko wa ndizi mapajani. Mama mdogo alikuwa anaanua nguo. Alipotuona alisimama na shuka mkononi.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza jambo, siyo kugombana."

Mama mdogo akatuelekeza kwa kichwa upande wa juani. Mumewe, baba mdogo, alikuwa amekaa kwenye kiti, amefunikwa shuka. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha na kuniita jina la kaka yake aliyekufa zamani. Akaniuliza kama ng'ombe wamerudi.

"Alianza kusahau mwaka ule ule wa msiba wenu," mama mdogo akasema taratibu. "Alikuwa anatoka anapotea. Mara nyingine ananipiga, hanijui. Ningemwachia nani? Na ningewaambia nini watu? Niliona aibu, dada. Nikanyamaza. Halafu siku zikapita, nikaona nimechelewa."

 Mama alivuta kigoda, akakaa karibu na shemeji yake, akamfunika shuka vizuri mabegani. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuja mimi."

Wote wawili walilia, na mke wangu pia. Mimi nilijifanya natazama mawingu juu ya mlima Meru.

Mchana tulisikia sauti jikoni zikipanda. Tukadhani ugomvi umeanza, kumbe wanabishana juu ya loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, mama akidai maziwa yanatiwa mahindi yakiwa yamepoa kabisa, mdogo wake akimwambia hajui kupika tangu utotoni. Tulikula, na ilikuwa nzuri sana. Wakati wa kuondoka mama alituambia twende tu, yeye atabaki mpaka mdogo wake apate usingizi wa kutosha. Jirani wa Kikwe tumpigie simu kuhusu ng'ombe.

Niliingia garini nikanyoosha mguu wangu uliokuwa bado mgumu. Tulipofika barabara ya lami mke wangu aliniuliza kama unauma. Nikamwambia unauma, na kwamba namshukuru Mungu ulivunjika, la sivyo mama na mdogo wake wangekuwa bado wanangojeana. Kisha nikampigia simu jirani wa Kikwe.